Mke Wangu Vipande Vipande

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Mke wangu atatokea kwenye televisheni. Wale watu wa kamera waliofika kwenye karakana ya ushonaji anakofanya kazi mwezi uliopita wamepiga simu. Kipindi kitarushwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Ataonekana akishona gauni la bibi harusi, halafu ataongea. Ataongea! Mke wangu, mbele ya nchi nzima.

Amecheka tangu getini hadi jikoni. Kisha akaniomba jambo moja tu: picha ya runinga yetu itengemae kabla ya Jumamosi, kwa sababu mama yake anakuja Ijumaa kwa ajili ya kipindi hicho.

Hapo ndipo penye mushkeli. Tangu mvua za juzi picha yetu inakatakata. Msomaji wa habari kidevu kimempanda kwenye paji la uso, na sauti inamtoka kama mtu anayesukutua. Zilizobaki ni chenga za kijani na zambarau.

Mke wangu akasema tumwite fundi wa antena. Nikamuuliza fundi wa nini, na mimi nipo? Mtaa mzima unaniita Injinia. Jina hilo nililipata kihalali. Niliitengeneza pasi ya mwenye nyumba ikawaka siku nzima, hata alipoichomoa alisema bado anaiogopa. Tena mwaka jana, ndani ya saluni ya Kinyozi, mbele ya wateja wake, nilitangaza kwamba anayemwita fundi wa antena ni mtu asiyejua kushika bisibisi. Kinyozi ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Akimwona fundi mlangoni kwangu, mimi nitapitia wapi?

Kazi imeanza jioni hii hii. Nilizima king'amuzi, nikawasha. Nikazima tena, nikakiacha kifikirie makosa yake. Nikakipiga kofi la ubavuni. Picha ikatulia! Msomaji wa habari akatabasamu, uso mzima, kila kiungo mahali pake. Nikakipiga kofi la pili, la kukipongeza. Skrini ikawa nyeusi ikaandika: HAKUNA MAWIMBI.

Kofi la pili lilizidi. Dawa ni lile la kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kijitabu cha maelekezo. Kinasema kwanza kagua kama waya umekaza. Ushauri wa watoto! Nikaruka hadi kurasa za nyuma, kwenye mambo mazito, nikakuta "kutafuta chaneli upya". Nikabonyeza rimoti. King'amuzi kikatafuta kwa bidii, na kilipomaliza chaneli zote zilikuwa zimetoweka isipokuwa moja, ya kuuza magodoro.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta naelimishwa kuhusu sponji. Akakaa. Akatazama. Akasema godoro lile linaonekana vizuri sana. Hakusema neno lingine mpaka tulipomaliza chai ya jioni. Afadhali angenigombeza.

Baadaye chaneli zilirudi zenyewe, nazo zikarudi na chenga zao. Nimefikia uamuzi wa kitaalamu: tatizo ni mwelekeo wa antena. Ngazi nimeiazima kazini, kwenye stoo ya rangi. Mtunza stoo ni mimi, kwa hiyo nilijiomba ruhusa na nikajikubalia.

Juu ya bati unauona mtaa wote. Antena yangu ilikuwa inatazama shule. Kuna tangi la maji, kuna bucha, na kule kilimani kuna ule mnara wa chuma wenye taa nyekundu, mkubwa, mbaya, unaoharibu mandhari. Sijui waliuweka wa nini.

Ndipo nikaiona antena ya Kinyozi, imesimama juu ya bomba lake refu na kutazama tangi la maji. Kinyozi huyu kila siku anajisifu kwamba picha yake ni kama kioo. Sijawahi kuiona, maana pazia lake halifunguliwi. Lakini antena haina pazia! Nikageuza yangu itazame tangi, sambamba na yake. Kuiga si vibaya, mradi usionekane.

Picha imekuwa mbaya zaidi. Labda mawimbi bado hayajazoea.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka, nimetoka nje na mswaki mdomoni, nimetazama juu. Antena ya Kinyozi imehama! Sasa inatazama shule, kule kule ilikokuwa inatazama yangu jana.

Mjanja huyu! Ameniona nikimwiga, akaigeuza usiku ili anipoteze. Au mawimbi yamehamia shuleni naye kapata habari mapema. Kwa vyovyote vile sitaachwa nyuma. Nilirudisha yangu shuleni kabla ya chai.

Baada ya kazi nikaenda kunyoa nywele ambazo hazikuhitaji kunyolewa. Upelelezi. Runinga ya saluni ilikuwa inaonyesha miziki ya kwenye flashi, hakuna la kujifunza. Nikamuuliza Kinyozi, kama vile sijali, picha ya nyumbani ikoje siku hizi. Akasema kioo. Akaniuliza yangu. Nikasema hicho kioo chake kilikuja kwangu kujifunza kazi. Akanitazama sana kupitia kwenye kioo cha ukutani, mashine ikiwa inatembea kichwani mwangu. Ndiyo maana upande wa kushoto umekuwa vile.

Mke wangu aliponiona aliuliza nimekosa nini na nani kaniadhibu.

Faida ya leo: dereva wa lori pale kazini ameniambia kwamba mfuniko wa sufuria ukifungwa nyuma ya antena huyakusanya mawimbi yasipite bure. Sufuria kubwa ipo. Mfuniko wake upo.

Alhamisi, 7 Machi

Antena ya Kinyozi imehamia kwenye tangi. Tena! Yaani mimi nikitoka kwenye tangi yeye anaingia, nikirudi shule yeye ametoka. Huyu mtu ana nini na mimi?

Nikaamua kumtega. Nilipanda na kuigeuza antena yangu itazame bucha. Bucha! Paa la mabati matupu, halina chochote juu yake ila kunguru. Nikiwa huko juu niliongea peke yangu kwa sauti, nikasema ahaa, hapa sasa, picha gani hii, mpaka vinyweleo vya uso vinahesabika. Nikafunga na mfuniko wa sufuria kwa nyuma ili mtego uonekane wa kitaalamu. Mpango ni huu: yeye afuate bucha, aharibikiwe, mimi nirudi taratibu kwenye mwelekeo sahihi nitakapoujua.

Jioni mke wangu amefunika wali kwa sahani. Aliuliza mfuniko uko wapi. Nikamjibu uko kazini. Si uongo, unafanya kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijawahi kuona jambo kama hili. Asubuhi nilitazama juu na antena ya Kinyozi ilikuwa inaelekea bucha. Ya mama wa duka inaelekea bucha. Ya mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona inaelekea bucha, na nyuma yake amefunga sinia. Mtaa mzima! Nyumba kwa nyumba, antena zote zimekodolea macho bucha.

Nilisimama pale na mswaki wangu nikawaza. Watu wengi hivyo hawawezi kukosea. Kumbe mawimbi yako bucha kweli! Nilitega mtego nikaangukia kwenye ukweli. Nimeiacha yangu hapo hapo, nikaikaza.

Picha haipo kabisa, lakini sasa ninajua angalau tuko pamoja.

Mama mkwe amefika mchana na mkoba wake mmoja. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti kinachotazama runinga na akakaa hapo kama mtu aliyefika anakokwenda. Mke wangu akawasha. Chenga. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Akasema huenda macho yake yamezeeka.

Nikaona mlango umefunguliwa nikaingia. Nikasema ndiyo, mama, macho ni kitu cha kuangaliwa mapema, sisi wengine tunaona vizuri tu. Nikamsimulia msomaji wa habari alivyovaa. Nilibuni tai ya mistari. Hapo skrini ikapata fahamu kwa kitambo kidogo, ikaonyesha kwamba msomaji ni mwanamke.

Mama mkwe akasema mwenye macho haambiwi tazama.

Mke wangu akaniita jikoni. Nilidhani nitapigwa na mwiko. Hakunipiga. Alikuwa analia. Akasema mama yake hajawahi kumwona akifanya kazi, hata siku moja. Tangu alipoacha masomo akashika cherehani, mama yake anaamini kushona ni kazi ya walioshindwa. Hawagombani, ila hamuulizi kamwe kuhusu kazi yake. Anauliza habari za mvua, za majirani, zangu mimi, za kazi hapana. Akasema, nataka anione mara moja tu, bwana wee, mara moja tu, halafu runinga hii uitupe shimoni ukitaka.

Moyo uliniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: uliniuma kweli. Mke wangu anashona vizuri kuliko ninavyofanya kitu chochote.

Kwa hiyo nikamdanganya. Nikamwambia fundi nimeshamwita, anakuja kesho. Akafuta machozi, akanishukuru, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi. Nikatoka nje, nikampigia fundi wa antena kwa sauti ya chini. Akasema kesho yuko mtaa huo huo, tangu asubuhi anapigiwa simu na nyumba zote, hajui kuna upepo gani umepita huko. Akasema ataanza na aliyemwita kwanza, ambaye ni kinyozi fulani.

Kinyozi! Amemwita fundi! Nilifurahi mpaka nikasahau kuweka oda yangu. Nilikata simu nikicheka.

Halafu nikapata wazo. Bora hata hivyo. Fundi akishaiweka sawa antena ya Kinyozi, mimi nitakuwa juu ya bati langu, nitanakili mwelekeo, basi. Fundi atakuwa amekuja, mke wangu atakuwa amepata picha, na hakuna atakayesema Injinia alisaidiwa. Ni mpango usio na tundu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwa tahadhari. Bati lilikuwa la moto.

Fundi alifika kwa Kinyozi jioni, saa kumi na moja na ushee, amechoka na ana haraka. Mimi nilikuwa juu tayari, nimejilaza nyuma ya tangi langu dogo la juu ya bati. Kinyozi naye alipanda juu ya bati lake, akaishika antena. Fundi akawa ndani anapiga kelele: kushoto! Kinyozi akageuza kushoto. Nami kushoto. Kulia kidogo! Wote kulia kidogo. Inua! Tukainua. Tulizunguka pale juu kama watu wanaofundishwa ngoma moja. Mwisho fundi akapaza sauti: hapo hapo, usiguse kitu!

Tulikuwa tunatazama ule mnara mbaya wa kilimani. Eti.

Nikaifunga yangu, nikamwita mke wangu kwa sauti ya chini, vipi? Akajibu, haijaandika kitu kipya, imeandika HAKUNA MAWIMBI. Nikaangalia nyuma ya antena. Waya, kwa kuzungushwa wiki nzima, ulikuwa umekatika pale unapoingilia, na kipande chake kilikuwa kinaning'inia hewani kama mkia. Nikasema nashuka sasa hivi kuchukua kisu na koleo.

Ngazi haikuwepo.

Fundi alikuwa ameichukua. Niliona ncha yake ikikata kona kuelekea kwa mwalimu mstaafu. Niliita. Nilipiga mluzi. Nilipiga mfuniko wa sufuria kwa bisibisi. Kunguru wa bucha ndio walioitikia.

Saa kumi na mbili kasoro kidogo nikasikia mlango wetu ukifunguliwa. Mama mkwe! Alikuwa ameisikia sauti ya binti yake kupitia ukutani, kwenye tangazo la kipindi, akainuka bila kumuuliza mtu, akaenda kubisha hodi kwa Kinyozi. Mke wangu nyuma yake, na kitenge kipya. Mke wa Kinyozi akawakaribisha, akafungua lile pazia ili watu waliobanana waone kupitia dirishani pia. Maana walikuja wengi. Mama wa duka alifunga duka.

Kinyozi peke yake hakushuka. Kibano cha bomba lake kilikuwa kimevunjika kwa kugeuzwageuzwa, na fundi alimwambia ashike kwa mikono mpaka apate kingine. Akiachia, picha inakatika. Kwa hiyo tulibaki wawili, yeye juu ya bati lake amekumbatia bomba, mimi juu ya langu nimekalia mfuniko wa sufuria. Hatukuwa na pa kuangalia ila kutazamana.

Yeye ndiye aliyeanza. Akasema, Injinia, hebu niambie ukweli, ulikuwa unafuata nini wiki nzima? Maana mimi nilikuwa nakufuata wewe.

Sikuamini. Akasema aliniamini tangu siku ya pasi. Shule, akafuata. Tangi, akafuata, ila kila mara alichelewa, akakuta nimeshahama. Bucha pia, na mtaa ukamfuata yeye kwa kuwa kila mtu anajua anafuata Injinia. Akasema picha yake haijawahi kuwa kioo. Ilikuwa chenga tangu zile mvua.

Nilitaka kumjibu, ila kipindi kilianza.

Kutoka nilipokaa nilikuwa naona ndani kwa Kinyozi kwa pembeni, kupitia lile dirisha. Runinga yenyewe ilinipa mgongo. Sikuona hata kipande cha mke wangu. Nilichokiona ni uso wa mama mkwe, mwanga wa runinga umeujaa. Sauti ya mke wangu ilitoka safi, haikukatika hata neno. Alieleza namna ya kupima bega la mtu asijue anapimwa. Alieleza kwa nini gauni la harusi hulifumua mara tatu kabla halijaridhisha. Mtangazaji akamuuliza nani alimfundisha uvumilivu huo. Akasema mama yangu.

Mama mkwe alivua miwani, na safari hii hakuifuta. Akaugusa mkono wa mke wangu, akaushika, akaanza kuutazama, vidole vile vyenye alama za sindano, kimoja kimoja. Halafu akamuuliza jambo. Sikulisikia, lakini mke wangu akaanza kumwonyesha kwa mikono namna ya kupitisha uzi, na mama mkwe akawa anaitikia kwa kichwa na kuuliza tena.

Kinyozi akaniuliza kwa sauti ya chini wanafanya nini huko, yeye hawezi kugeuka. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, taratibu, na nikamwomba tafadhali asiachie. Akalikumbatia bomba kwa nguvu zaidi. Hakuachia. Vumbi la lile bati ni baya sana, liliniingia macho yote mawili.

Fundi alirudisha ngazi kipindi kilipokwisha.

Jumapili, 10 Machi

Siku njema kupita zote! Mama mkwe ameahirisha safari. Anataka kuiona karakana kesho, na anataka kuona marudio ya kipindi Jumatano. Mke wangu anaimba tangu alfajiri. Kuhusu uongo wangu wa fundi alisema tutaongea akipata nafasi ya kukasirika.

Fundi mwenyewe alifika asubuhi, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima. Nilimwelekeza mwenyewe. Akaunga waya, akaukaza, akaielekeza antena kwenye mnara. Picha? Kioo! Msomaji wa habari ana mashavu. Mfuniko umerudi kwenye sufuria. Kinyozi amenirekebisha upande wa kushoto wa kichwa na tukacheka pamoja. Mambo yote yako sawa na Jumatano nami nitamwona mke wangu mzima mzima, nikiwa nimekaa kitini.

Jioni nilipanda tu kupunga upepo. Nikatazama mtaa. Antena zote, nyumba kwa nyumba, zinatazama mnara. Zote! Ndipo likanijia jambo ambalo fundi, kwa haraka zake, hakulifikiria. Ikiwa nyumba zote hizi zinavuta mawimbi upande mmoja, Jumatano saa ya marudio yatatosha? Na upande wa pili, kule nyuma, hakuna antena hata moja. Mawimbi yote ya huko yamelala bure, hayana wa kuyapokea.

Nimeigeuza kidogo tu.

Runinga imeandika HAKUNA MAWIMBI, bila shaka kwa sababu yanatoka mbali. Nitaipa muda. Mke wangu bado hajajua.

Nimechungulia nje. Ng'ambo ya ukuta, Kinyozi ameegesha ngazi yake na anapanda.